Kichwa cha Fundi

Watu wawili walikuwa wakikipima kile kiti cha kunyolea kwa utepe wakati mke wa Fundi alipoingia saluni na chupa ya chai. Mmoja alikuwa amepiga magoti sakafuni akisoma upana wa miguu ya chuma. Mwenzake alishika ncha ya utepe juu, pale pa kuegemezea kichwa, na kidole chake kilikuwa kimezama kwenye ngozi iliyochakaa, mahali ambapo visogo vya wanaume wa mtaa mzima vilikuwa vimechimba bonde dogo.

"Mlangoni kitapita?" aliuliza yule wa chini.

"Kiliingilia hapo hapo, kitatokea hapo hapo," alijibu kijana wa Fundi. Kisha akamwona mama yake, akanyamaza.

Mke wa Fundi aliweka chupa ya chai mezani, katikati ya brashi na makopo ya poda, akasubiri wageni wakunje utepe wao na kuaga. Walipokwisha kutoka ndipo alipouliza, kwa sauti ya chini kana kwamba mle ndani kuna mtu amelala:

"Wanakipeleka wapi?"

"Hotelini, Mama. Ile mpya ya barabarani. Mwenyewe anasema vitu vya zamani ndivyo vinavyopendwa sasa. Atakiweka pale mapokezi."

"Wageni wake watanyolewa mapokezi?"

"Hawatanyolewa. Ni pambo tu."

"Pambo." Alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayeonja maji yenye ladha asiyoijua.

"Usinikasirikie, Mama. Kiti kile kinakula nafasi ya viti viwili. Hapo nataka niweke sinki, siku hizi vijana wanataka kuoshwa kabla ya kukatwa. Mwenye nyumba naye kila akipita ananikumbusha kwamba pango linapanda. Na wazee hawaji tena. Tangu Baba aondoke, nani amekikalia?"

Hilo lilikuwa kweli, na sababu yake ilijulikana mtaa mzima. Fundi alikuwa akikata mitindo ya zamani: pembeni anapunguza kwa mkasi na kitana mpaka ngozi ianze kuonekana kwa mbali, juu anaacha denge, ubavuni anapasua njia nyembamba iliyonyooka, kisha anapaka mafuta na kupiga brashi hadi nywele zing'ae kama kiatu cha askari. Kijana wake alikuwa hodari wa mashine, na wazee wenyewe ndio waliompachika jina hilo, Mashine. Baada ya msiba, Karani mstaafu alikuja kwa ajili ya urafiki tu. Mashine alimkalisha kwenye kiti cha baba yake, akazima muziki kwa heshima, akamkata kwa moyo wake wote. Karani alitoka na kichwa kama kiwiko. Rafiki yake Dereva alimtazama, akamshauri avae kofia mpaka watu wasahau. Wengine walipoona hivyo, waliamua kufuga nywele kimyakimya, wakawa wanazilaza kwa maji asubuhi kama watoto wa shule.

"Nitawakata mimi," mke wa Fundi alisema.

Mashine alicheka. Alipoona kwamba mama yake hacheki, akaacha.

"Umewahi kumkata nani, Mama?"

"Baba yako."

Mashine alipeleka mkono kichwani, akaivuta chini kofia yake ya sufu. Alikuwa akiivaa tangu siku ya maziko, jua na mvua, na vinyozi wenzake wa mle saluni walikuwa wamechoka kumtania kwamba kinyozi ameficha kichwa kama mwizi aliyeficha kuku. Mama yake alikuwa ameiona ile kofia kila siku na hakuwahi kuiuliza.

"Basi mpaka mwisho wa mwezi," alisema Mashine hatimaye. "Kiti kikipata watu, nitamwambia yule bwana atafute pambo jingine. Kisipopata, Mama, tafadhali, tusigombane."

*

Mkono wa Fundi ulifika kwenye vichwa vyote vya mtaa ule isipokuwa kimoja, cha kwake. Walipooana tu alimletea mkewe mkasi mdogo na kitana cha pembe, akamkalisha yeye juu ya ngazi ya mlango wa nyuma, mwenyewe akaketi chini uani juu ya kigoda, taulo shingoni. "Nikate," alimwambia. Mara ya kwanza alimkata sikio. Mara ya pili alikata vizuri upande mmoja, upande wa pili wakaucheka wote wawili mpaka machozi. Baada ya hapo kila siku ya mapumziko, alasiri, jua likiwa limelala juu ya ukuta, walikaa vile vile. Fundi alifumba macho akiongea polepole kama mtu wa ndotoni: "Usikilazimishe. Mwagia maji, subiri, uone nywele zinapolala zenyewe. Ndipo uanze."

Za kwake zililalia kushoto. Utosini zilijizungusha kinyume na za watu wengine, mfano wa maji yanayoshuka kwenye tundu la sinki yakabadili nia njiani, na kwa hiyo njia yake ilipasuliwa ubavu wa kulia. "Mimi nimezaliwa na kichwa cha mashoto," alisema Fundi, na mkewe alicheka, kisha akalisahau neno hilo. Alichokijua yeye kilikuwa kile kichwa tu. Alikijua kama mtu anavyoijua nyumba yake gizani: hapa kuna kizingiti, hapa ukuta unainama.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Uso wa mumewe ulikuwa unamtoka. Akifumba macho aliliona shati, aliziona kucha, alisikia kikohozi, lakini uso ulikuja umefifia kama kitu kilichowekwa nyuma ya kioo chenye mvuke. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa bado vinakumbuka. Na vidole navyo vilihitaji mahali pa kukumbukia.

*

Kumpata Karani ilikuwa kazi. Alimkuta barazani kwake, amevaa kofia ya pama na kusoma gazeti la juzi.

"Shemeji, nakuheshimu sana," alisema Karani. "Lakini kichwa hiki kimeshapata ajali moja mwaka huu."

"Kimeota tena."

"Kimeota, ndiyo. Ndiyo maana nakionea huruma."

"Nenda bwana!" mkewe alipaza sauti kutoka ndani. "Unaogopa nini? Kwani kuna nini humo cha kuharibika?"

Karani alikunja gazeti. Njiani alitembea hatua moja nyuma ya shemeji yake, kama mtu anayepelekwa kituoni.

Saluni ilikuwa imejaa vijana. Mmoja alimwona mke wa Fundi anakung'uta shuka, akaguna kwa furaha. "Mashine, umestaafishwa? Leo anakata Bibi?"

"Na wewe ukimaliza kuongea nitakukata ulimi bure," mke wa Fundi alimjibu bila kugeuka, na saluni yote ikaangua kicheko. Mashine alizima muziki.

Alimfunga Karani shuka shingoni. Akasimama upande wa kulia wa kiti, akashika mkasi, na mikono ikaanza kwenda yenyewe. Ulikuwa mwendo wa zamani: kitana kinapanda, mkasi unakifuata, nywele za mvi zinaanguka kwenye shuka laini kama majivu. Kelele za saluni zilisogea mbali. Alisikia jua la uani shingoni mwake ingawa pale ndani hapakuwa na jua. Nywele za Karani zilikuwa na ubishi kidogo zilipofika juu, kila akizilaza zinainuka, lakini aliongeza mafuta, akapiga brashi, akazifunga kwa kitambaa kwa muda, mpaka zikatii. Mwishoni alichukua wembe, akapasua njia kwa mkono mmoja usiotetemeka.

Karani alijitazama. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Kulikuwa na kitu kidogo asichoweza kukitaja, kama mtu aliyevaa koti lake mwenyewe lililoshonwa upya. Lakini lilimpendeza.

"Shemeji," alisema, "hii nikipita mbele ya benki wataniamkia."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mafuta umepaka wewe! Nuka mwenyewe." Akainamisha kichwa, na hata vijana wakatabasamu.

Kesho yake alikuja Mwalimu mstaafu. Kisha Dereva, ambaye alikuwa ameendesha malori maisha yake yote na hakuweza kukaa kwenye kiti chochote bila kutafuta klachi kwa mguu. Kisha ndugu zao, na marafiki wa ndugu zao. Mkwe wake, mke wa Mashine, aliyekuwa akifua mataulo nyuma, alichungulia mlangoni na kusema, "Mama, tutaagiza mafuta kwa pipa sasa." Kiti cha chuma kilianza tena kulia pale kinapozungushwa, mlio ule mwembamba ambao saluni ilikuwa imeusahau.

Na mke wa Fundi alianza kuwahi kuamka. Mle saluni kulikuwa na vioo viwili vilivyotazamana, kimoja mbele na kingine nyuma ya kiti. Kwenye kioo cha mbele aliona uso wa Mwalimu, au wa Dereva, na alizungumza nao, aliwatania, aliwauliza hali za nyumbani. Lakini alipoinua macho kidogo aliona kisogo kilichoakisiwa kutoka nyuma, na nyuma ya kisogo hicho kingine, na kingine, vikifuatana ndani ya kioo, vikipungua na kuwa vya rangi ya kijani, mpaka mbali kabisa ambako mwanga uliishia. Vyote vilikuwa vya mume wake. Vilikuwa vimempa mgongo, kama wakati wa uani. Hakuhitaji vigeuke. Alikata huku akiwa amelewa utulivu, na jioni alirudi nyumbani mikono ikinuka yale mafuta, akalala bila kuota, kwa sababu ndoto alikuwa ameshaiota mchana.

*

Mke wa Karani alikuja kumwita mumewe nyumbani. Wazee walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya saluni, wameipa barabara mgongo, wameinamia drafti. Alisimama nyuma yao, akapiga bega la wa katikati.

"Haya, baba, twende. Chakula kinapoa."

Aliyegeuka alikuwa Dereva.

"Shemeji, mimi sina neno," alisema Dereva, "nitakuja kula."

Benchi zima lilicheka, na mke wa Karani alicheka pia, akatazama vile visogo vitatu ili amchague wake. Akakosa. Kicheko kikamkauka mdomoni taratibu.

"Yupi wangu?" aliuliza.

"Huyu hapa," alisema Karani, akiinua mkono kama mwanafunzi.

"Geukeni tena. Hebu nipeni migongo." Waligeuka, wakidhani ni mchezo. Alivipitia visogo kimoja kimoja. "Hivi ninyi," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mmekatwa kichwa cha nani?"

Mwalimu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka mkono kichwani. Alipapasa ubavu wa kushoto, hakukuta kitu. Akapapasa kulia, kidole kikaingia njiani. Akamtazama Karani, akamtazama Dereva. Bila kusemezana waliinuka wote watatu, wakaingia saluni na kusimama mbele ya kioo, bega kwa bega. Mke wa Fundi alikuwa akifagia. Aliwaona pale, njia tatu upande mmoja, madenge matatu yaliyolalia kushoto kwa mteremko ule ule mmoja.

"Mimi njia yangu haikuwa hapa," Mwalimu alisema polepole.

"Wala yangu," alisema Karani.

"Aliyekuwa na njia ya kulia..." Dereva alianza, hakumaliza.

Mashine alizima ile mashine iliyokuwa ikinguruma mkononi mwake. Kijana aliyekuwa kwenye kiti chake alibaki amenyolewa nusu.

Mke wa Karani alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemshika mke wa Fundi mkono siku zote za msiba, na sasa alizungumza kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mwenzangu, pole yako naijua. Lakini mimi wangu bado yu hai."

Mke wa Fundi aliinamisha macho. Fagio lilikuwa mkononi, na mbele ya fagio kilikuwa kirundo cha mvi za watu mbalimbali zilizochanganyika.

Dereva aliketi kwenye kiti cha Mashine. "Nitolee hii," alisema.

"Mzee, nikurekebishie tu kidogo..."

"Toa yote, mwanangu. Usiniachie hata moja. Mimi nina safari zangu bado, siwezi kutembea na kichwa cha marehemu."

Mashine alimtazama mama yake. Mama yake aliitikia kwa macho. Ile mashine ikawaka tena, na mbele ya watu wote denge ambalo mke wa Fundi alilipiga brashi kwa nusu saa likaanguka vipande vipande sakafuni. Alilifagia. Hakuwa na jambo jingine la kufanya isipokuwa kulifagia.

*

"Si kosa, Mama," alisema Mashine walipobaki peke yao.

"Kama si kosa, ni nini?"

Mashine alifikiri. "Umewakata wote kichwa cha Baba."

"Sikukusudia." Alikuwa ameketi kwenye kiti kile kikubwa, miguu haifiki chini, mikono imelala mapajani na viganja vimetazama juu. "Kweli mwanangu, sikujua. Mikono yangu haimjui mtu mwingine."

Mashine alikaa kwenye sehemu ya kuwekea miguu, chini yake, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo akisubiri baba yake afunge kazi. Alitaka kusema kitu, akavuta kofia badala yake.

"Yule wa hoteli amepiga simu," alisema baadaye. "Watakuja Jumamosi asubuhi. Nikimwambia asubiri nitamwambia nini? Wazee ndio hao wamekimbia."

"Waje," alisema mama yake.

Mtaani maneno yalishatembea. Mwuza mkaa alisema yeye tangu mwanzo alikuwa akisikia baridi akipita pale. Mwingine alitia chumvi kwamba wazee wale walikuwa wameanza kukohoa kikohozi cha Fundi. Mke wa Fundi alipokwenda dukani, muuzaji alimhudumia haraka na kwa adabu nyingi mno, akiangalia mikono yake. Mkwe wake alisikia akarudi nyumbani amefura. "Nimewaambia," alisema huku akipiga taulo kwenye jiwe, "kama mikono ya Mama inafufua watu, wapange foleni, walete na wa kwao!" Mama alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Uani kigoda kilikuwa bado pale pale. Hakukigusa. Alijaribu tena kuukumbuka uso. Haukuja. Badala yake vilikuja visogo vitatu mbele ya kioo, na aibu ikamfunika kama shuka ya kinyozi, imefungwa shingoni, mikono ndani.

*

Ijumaa alasiri Karani alirudi. Alikuwa amevua kofia ya pama na kuishika kifuani. Nyuma yake alikuja mkewe, akaketi kwenye benchi la kusubiria bila kukaribishwa, akaweka mkoba magotini.

"Shemeji," alisema Karani, "nimetumwa."

"Umetumwa na nani?"

"Na huyo hapo. Anasema anamtaka mume wake."

"Muulize kama ataweza," alisema mkewe.

"Anauliza kama..."

"Nimesikia," alisema mke wa Fundi. Alitazama mikono yake. "Sijui kama nitaweza."

Hata hivyo Karani alishapanda kwenye kiti. Mke wa Fundi alimfunga shuka, akachukua kitana, akajikuta amesimama upande wa kulia, mkono umeshainuka. Akaushusha.

"Njia yako ilikaa wapi?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuwa nasinzia. Fundi hakuwahi kuniuliza."

"Kushoto," alisema mkewe kutoka kwenye benchi. "Juu ya pale nyusi yake ilipokatika. Alianguka na baiskeli alipokuwa ananichumbia, akijionyesha."

"Sikuwa najionyesha. Breki zilikatika."

"Alikuwa ameachia mikono yote miwili, mwenzangu. Ananipungia."

Mke wa Fundi alizunguka kiti. Ilikuwa hatua chache tu, lakini hakuwa amewahi kuzipiga, na alipotazama chini ili asikwaruze mguu wa chuma, aliona sakafu. Saruji ilikuwa imelika na kulainika kukizunguka kile kiti pande zote, kulia, nyuma, kushoto, mviringo mzima kama njia ya maji. Fundi alikuwa akikizunguka kila kichwa. Alikuwa akitembea, miaka yote ile, akitafuta.

Akaweka miguu yake mle.

Alimwagia Karani maji, mengi, mpaka yakachuruzika shingoni na Karani akalalamika. Halafu akasubiri. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Vidole vilitaka kwenda kule vilikozoea, na yeye akavishikilia kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani. Saluni ilikuwa tulivu. Mashine alikuwa ameacha kukata. Katika utulivu ule nywele za mvi zilianza kujikusanya zenyewe, taratibu, nyasi zilizokanyagwa zikiinuka, na juu ya nyusi iliyokatika zikaachana.

Aliinua macho. Ndani ya kioo visogo vilifuatana kama siku zote, mpaka kule kwenye kijani. Akatia kitana pale nywele zilipoachana, akakivuta nyuma mara moja. Na vyote vikabadilika kwa pamoja, cha karibu na cha mbali, vikawa vya Karani, mzee mmoja mwenye shingo nyembamba na mkunjo wa ngozi nyuma ya sikio. Yule mwingine aliondoka kwenye kioo bila kugeuka. Hakuwa na haraka. Alikwenda tu, kama anayetoka kazini.

Machozi yalimdondokea Karani utosini.

"Shemeji, maji yametosha," alisema Karani kwa upole, akiwa amefumba macho.

Alikata kwa muda mrefu. Alikosea nyuma ya sikio la kushoto, akapunguza zaidi ili kuficha, na upande mmoja ukawa mwepesi kuliko mwingine. Mashine angeweza kuona hilo, na Fundi angelionea aibu. Lakini alipomaliza na kukizungusha kiti kuelekea kwenye benchi, mke wa Karani aliinuka, mkoba ukaanguka.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye." Kisha, ili asilie mbele ya watu, akaongeza, "Kwa bahati mbaya."

*

Jumamosi mke wa Fundi alifika mapema ili akipanguse kiti kabla hakijachukuliwa. Alipaka ngozi mafuta, akang'arisha chuma, akatoa vinywele vilivyojificha kwenye mishono. Mzee mmoja aliyekatwa vizuri hawezi kulipa pango, hilo alilijua. Alikuwa amepanga kukisindikiza mpaka kwenye gari na kurudi nyumbani.

Mashine aliingia, akafunga mlango nusu. Alizunguka zunguka, akapanga makopo yaliyokuwa yamepangwa tayari. Kisha akaja, akaketi kwenye kiti cha baba yake.

"Mwanangu, nimeshakipangusa."

Mashine alivua kofia.

Mama yake alikuwa hajaziona nywele hizo tangu alipokuwa akimbeba mgongoni. Tangu utoto wake Mashine alitaka kipara, na baba yake ndiye aliyekuwa akimnyoa kila wiki. Baada ya maziko hakwenda kwa mtu. Zilikuwa zimeota nene, zimefumana, zimelala hovyo kwa joto la sufu.

"Sikujua nani anishike," alisema Mashine. Alikuwa akitazama magoti yake. "Nimekaa hapa na vinyozi wenzangu wananicheka, lakini kila nikitaka kumwambia mmoja wao, nashindwa."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ulikuwa unamkata Baba."

Alimfunga shuka. Akamchambua kwa chanuo fundo baada ya fundo, akamwagia maji, kisha akarudi nyuma na kusimama kwenye ule mviringo uliolika, mikono kando. Hakufikiria kulia wala kushoto. Alisubiri. Nje gari lilisimama, milango ikafunguliwa, sauti za wanaume na mlio wa kamba vikasikika. Mkwe wake alitoka nyuma na taulo begani, akawahi mlangoni.

"Tumefuata kiti," alisema mmoja.

"Kiti kina mtu," alisema mkwe.

"Dada, si tulikubaliana na bwana..."

"Bwana ndiye aliyekikalia. Kaeni kwenye benchi hapo, au nendeni mkatafute pambo."

Mle ndani hakuna aliyegeuka. Maji yalikuwa yakishuka polepole kwenye shingo ya Mashine, na nywele zilikuwa zinatulia. Mama yake aliinama. Utosini zilijizungusha kinyume, kama maji yaliyobadili nia, zikateremka kuelekea kushoto, zikalala. Na ubavuni, kulia, bila kuguswa na mtu, zikaachana.

"Nini, Mama?" Mashine aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

"Hakuna kitu," alisema mama yake. "Tulia hivyo hivyo."

Akazunguka upande wa kulia, akachukua kitana.